Msimulizi Anamwitaje? Kusoma Riwaya za Zamani kwa Penseli

Kabla ya kufungua kitabu, tafuta penseli. Kalamu ya wino haifai, maana utabadili mawazo mara nyingi. Chukua riwaya yoyote ya zamani ya Kiswahili, na kila mara msimulizi anapomtaja mhusika mkuu, pigia mstari neno alilolitumia: jina, cheo, "kijana," "yule bwana," "maskini," lolote lile. Ukishamaliza kurasa kumi, rudi mwanzo usome yale yaliyopigiwa mstari peke yake. Hiyo ndiyo kazi yote ninayokuomba. Mengine yanayofuata hapa ni ya kukusaidia kujua umeona nini.

Sisi huku Kibirichia, Meru, tuliianza kazi hii kwa bahati tu. Tuna kikundi kidogo cha kusoma, watu saba au wanane, kinachokutana Jumamosi jioni katika chumba kilicho nyuma ya duka la mbolea na mbegu. Kila mtu huja na koti lake, kwa sababu ukungu unaoshuka kutoka mlimani haungoji mtu amalize sura. Wengi ni wakulima wa viazi. Kuna kijana wa bodaboda, mwalimu mstaafu, na mama mmoja mshonaji ambaye ndiye msomaji mkali kuliko sote. Siku moja mama huyo alishika Kosa la Bwana Msa, kitabu cha Muhammed Said Abdulla cha 1984, akakigeuza mbele na nyuma, akauliza: "Mwalimu, mtu akikosa mpaka kosa lake likaandikwa kwenye jalada, bado ataitwa Bwana?" Mwalimu alicheka asijibu. Nami nilifungua kinywa, nikakosa la kusema. Jumamosi iliyofuata tulikuja na penseli.

Huu nao ni mwongozo, ingawa najua kwa msomaji wa Kenya neno "mwongozo" lina harufu ya mtihani. Ni kile kijitabu chembamba kinachouzwa pamoja na kitabu teule, chenye orodha ya wahusika, sifa zao na umuhimu wao. Sikidharau, kimewavusha wengi. Lakini kijitabu hicho hukuambia mhusika ni nani, na huishia hapo. Jinsi msimulizi anavyomwita, na siku gani aliacha kumwita hivyo, hakigusi kamwe, ilhali mara nyingi humo ndimo hadithi yenyewe ilimofichwa.

Anza na mara ya kwanza kabisa. Katika ngano za mdomo mhusika huingia bila jina: paliondokea mtu mmoja, au mwana wa sultani, au mzee na mkewe. Baada ya hapo huwa "yule mtu," "yule mzee." Hilo "yule" likitangulia nomino halionyeshi mtu aliye mbali. Linamkumbusha msikilizaji: ni yuleyule niliyekutajia, usimsahau. Likija nyuma, "mzee yule," ni kama msimulizi amenyoosha kidole. Tofauti ni ndogo, na ukisoma haraka huioni, lakini penseli huiona.

Mfano mzuri wa zamani ni kisa cha Sultani Darai, kilichomo katika mkusanyo wa hadithi za Unguja aliouchapisha Edward Steere mwaka 1870. Mtu mmoja aliyetapanya mali yake anaishi kwa kupekua jaani kama kuku, akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Paa yule anageuka kuwa msemaji na mjanja kuliko mtu; anakwenda kwa sultani wa nchi nyingine na kumwambia ametumwa na bwana wake, Sultani Darai. Angalia hapo. Jina kubwa la hadithi limetoka kinywani mwa mnyama, na ni uongo. Mwenye kuitwa hivyo hata hajui kwamba ni sultani. Yuko kule nyuma, hana nguo. Kuanzia hapo anaoa binti wa sultani, anapata jumba, anakula na kusaza, na paa anapougua anamdharau hata kumnyima chakula cha maana. Mwishowe anajikuta jaani tena, akipekua.

Ukikisoma kisa hiki kwa penseli, usitafute tu jina "Sultani Darai." Tafuta nani analitumia, na mbele ya nani. Mtu mmoja ni maskini wa jaani, ni bwana wa paa, ni mkwe wa sultani, na kila jina lina wenyewe. Mkulima mmoja wa kwetu alisema jambo ambalo sikulifikiria: kwamba paa alifanya kazi ya dalali. Dalali wa viazi naye hukuita "mheshimiwa" siku anapotaka shamba lako, kisha gunia likishajazwa lumbesa na lori likishaondoka, hata simu yako hapokei.

Kuna njia nyingine ya kumtambua mhusika mkuu bila kuambiwa, nayo ni ya kisarufi. Tazama ni nani anayemiliki jamaa. Kiswahili cha zamani kinapenda sana viambishi vile vifupi vya undugu: mkewe, mumewe, nduguye, babaye, mamaye, nduguze. Yule ambaye watu wengine wanatajwa kwa kuambatanishwa naye ndiye aliyeketi katikati ya hadithi. Msimulizi akisema "Asha na mumewe," amemtanguliza Asha. Akisema "Juma na mkewe," Asha amepoteza jina na amekuwa kiungo cha Juma. Riwaya inaweza kuanza na "mkewe" na kuishia na jina la mwanamke, na hapo ujue kituo cha hadithi kimehama. Pigia mstari hizo -we na -ye na -ze kwa alama tofauti. Sisi tunaweka nukta.

Kitabu cha Shaaban Robert cha 1952, Adili na Nduguze, kinakupa zoezi hilo kuanzia jaladani. Nduguze Adili ni Hasidi na Mwivu, watu waliomtendea ubaya mkubwa hata wakageuzwa kuwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku. Wana umbo la nyani, wanapigwa kama nyani, lakini jalada limewaandika "nduguze." Kiambishi hicho kimoja cha mwisho kinabeba uchungu wote wa kisa: mtu anayelia huku akimchapa nduguye. Badili jalada liwe "Adili na Manyani" uone kinachobaki. Kinabaki kichekesho.

Shaaban Robert pia ndiye anayewatatiza vijana wengi kwa majina yake. Karama katika Kusadikika, Utubora katika Utubora Mkulima, Adili huyo wa juu, Majivuno, Hasidi. Wanafunzi husema majina haya si ya watu, ni ya sifa. Eti mwandishi ametuambia kila kitu kabla hadithi haijaanza. Malalamiko hayo yanaweza kuwa na haki kwa mtoto wa mjini. Kwa msomaji wa Meru sioni haki yake. Tazama daftari la darasa lolote la huku: Mugambi ni mwamuzi, mtu wa kauli; Karimi na Kirimi ni wakulima; Kawira ni mchapakazi; Kendi ni mpendwa; Gitonga ni tajiri. Tumeishi na akina Utubora tangu tuzaliwe, na wala hatushangai Gitonga akikopa nauli ya matatu au Karimi akikataa katakata kushika jembe. Hapo ndipo penye raha. Jina la sifa ni ahadi, na hadithi ni kuona kama mwenye jina ataitimiza. Shaaban Robert kwa kawaida huwafanya watu wake waitimize, na kwa maoni yangu hapo ndipo anapopungua ladha kidogo. Ila Utubora Mkulima, kilichotoka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki, kina kitu cha ziada kwenye jina: "Mkulima" haikuwa kazi ya Utubora tangu mwanzo. Ni mtu aliyeacha kazi ya mshahara Unguja akarudi kushika jembe. Kwa hiyo cheo kile cha jaladani kimechumwa, hakikurithiwa. Wakulima wetu walikipenda kitabu hiki kuliko vyote, na mmoja aliapa ataandika "Mkulima" kwenye kibao cha lango lake.

Euphrase Kezilahabi aliligeuza jambo hili juu chini. Rosa Mistika, riwaya yake ya 1971, imebeba jina ambalo Mkatoliki yeyote aliyewahi kusali Litania ya Bikira Maria atalitambua: waridi la fumbo, sifa ya Mama wa Mungu. Msichana anayebeba jina hilo anapitia mambo ambayo yalikifanya kitabu kipigwe marufuku shuleni Tanzania kwa muda. Kila msimulizi anapoandika "Rosa," jina linakumbusha nusu ya pili isiyotajwa. Wakati wa kusoma, usipige mstari tu. Jiulize jina zima lingesikikaje mahali pale.

Sasa vyeo, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo swali la mshonaji lilipotoka. Bwana Msa aliingia katika riwaya ya Kiswahili kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichoshinda shindano la uandishi kabla ya kuchapishwa 1960. Ni mpelelezi mwenye kiko chake, na mwenziwe Najum huwa karibu naye kama vile daktari Watson alivyokuwa karibu na Sherlock Holmes. Lakini Holmes huitwa Holmes, kavu, kama wanaume wa Kiingereza wa tabaka lile walivyoitana kwa jina la ukoo. Msa haitwi Msa. "Bwana" imeshikamana naye mpaka imekuwa sehemu ya jina, kama kofia isiyovuliwa hata mezani. Katika Unguja ya vitabu hivyo, kumwita mtu mzima kwa jina tupu ni ama kumpenda sana ama kumvunjia heshima, na msimulizi hana ruhusa ya lolote kati ya hayo. Kwa hiyo jibu la swali ni hili: ndiyo, Mama, akikosa bado ni Bwana, kwa sababu cheo hicho hakikutoka kwenye matendo yake. Kimetoka kwenye adabu ya anayesimulia. Huku kwetu tunaijua adabu hiyo. Mzee wa Kimeru ambaye jina lake linatanguliwa na ile M' huwezi kuikata ukabaki na jina tupu mbele yake, hata kama jana amelewa akaanguka mferejini. Utasimulia alivyoanguka, ila utasimulia na M' yake.

Adabu hiyohiyo huweza kugeuka kisu. Katika Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya 1980, baba wa Maimuna ni Bwana Maksuudi. Yeye ni mtu wa heshima barabarani. Nyumbani kwake na katika mambo yake ya siri ni mtu mwingine kabisa. Mwandishi angeweza kumvua ubwana tunapoanza kumjua. Hakufanya hivyo. Kila anapotenda uovu mwingine, "Bwana" iko palepale, na kadiri kurasa zinavyokwenda neno lile linaanza kunuka. Ukikuta cheo kimebaki ilhali heshima imekwisha, usidhani msimulizi amesahau kukiondoa.

Shafi Adam Shafi anatupa mfano mkubwa kuliko huo katika Kasri ya Mwinyi Fuad, 1978. Fuad ana "Mwinyi," neno la umiliki na ubwana wa zamani wa pwani. Mtumishi wake anaitwa Kijakazi. Hebu litazame neno: mjakazi ni mtumwa wa kike, na kijakazi ni mtumwa wa kike mdogo. Hilo ndilo jina lake, hana lingine tunaloambiwa tulishike. Kabla mtu hajapigwa wala kutukanwa, nyumba nzima imeshaelezwa kwa namna watu wawili walivyoitwa: mmoja jina lake limeongezewa kitu mbele ili akue, mwingine limeongezewa kitu mbele ili apungue.

Na hapa msomaji wa huku mlimani ajihadhari na sikio lake. Kwa Kimeru, kama kwa Kigikuyu, ka- ndiyo hupunguza, na ki- au gi- hukuza. Ndiyo maana mvulana ni Kirimi na msichana ni Karimi. Kiswahili kiko kinyume: ki- hupunguza, ji- hukuza. Mmoja wetu alisoma sura nzima akimwona Kijakazi kama mwanamke mnene wa kutisha, mpaka tukamsahihisha. Tulicheka, lakini kosa lake lilitufundisha kuangalia ki- popote inapojitokeza.

Angalia zaidi ile inayoambatana na vitenzi. "Kijana alikuja" ni kawaida. Kijana ni mtu, anachukua a-. Lakini msimulizi akisema "kile kizee kikakohoa, kikakaa," amemshusha mzee akamweka pamoja na viti na vikombe. Sarufi ya ngeli ni silaha ambayo waandishi wa zamani waliijua vizuri, na inaweza kuwa ya dharau au ya huruma. "Kitoto kikalia" mara nyingi ni huruma. "Kijitu kile kikajitia kucheka" si huruma. Ukiona mhusika mkuu amehamishwa kutoka a- kwenda ki-, hata kwa sentensi moja, weka nyota pembeni.

Kuhusu "wetu" sitasema mengi. Ni ile "kijana wetu," "shujaa wetu," "rafiki yetu," "bwana wetu huyu." Huko Ulaya huo ulikuwa mtindo mkubwa wa karne ya 18 na 19. Henry Fielding humwita Tom Jones "shujaa wetu" katika riwaya yake ya 1749, ingawa kijana mwenyewe ni mwokotwa anayeandamwa na visa vya wanawake. Gogol alimwita hivyo Chichikov katika Nafsi Zilizokufa, 1842, na Chichikov ni tapeli anayenunua majina ya watumwa waliokufa. Thackeray alichoka na mchezo huo, akatangaza katika kichwa kidogo cha Vanity Fair kwamba ni riwaya isiyo na shujaa. Utaona kwamba "wetu" ilikuwa tayari inatumika kwa jicho la kukonyeza. Msimulizi anakuvuta uketi naye mkeka mmoja, halafu anakuonyesha mtu ambaye usingetaka kuketi naye. Kwa hiyo ukikuta "wetu," jiulize umeingizwa katika "sisi" ipi, na kama umekubali.

Mtindo huo haujafa. Umehamia kwenye video. Nenda kwenye kibanda chochote kinachoonyesha filamu zilizotiwa Kiswahili na DJ Afro na wenzake, utasikia "steringi." Steringi ameingia, steringi amepigwa, na watazamaji wote wanajua steringi hafi. Kijana wetu wa bodaboda alisema vitabu vya zamani vingeeleweka haraka kama mwalimu angewaambia watoto kwamba shujaa wetu ni steringi. Mwalimu alikunja uso. Mimi nakubaliana na kijana.

Jambo ambalo wageni wa lugha hii hulisahau ni kwamba Kiswahili kinaweza kusimulia muda mrefu bila kumtaja mtu kabisa. A- inatosha. Aliamka, akanawa, akatoka, akafunga mlango. Hatujui ni nani, wala kama ni mwanamume au mwanamke. Mwingereza hawezi, sentensi ya kwanza tu itamlazimisha achague. Kwa hiyo katika Kiswahili kila jina linalotajwa limetajwa kwa hiari. Msimulizi hakulazimika. Hilo ndilo linaloifanya kazi hii ya penseli iwe na faida kwetu kuliko kwa wengine: ukipiga mstari chini ya "Maimuna," ujue mwandishi angeweza kuandika a- akapita, na akachagua kusimama.

Mara nyingine anasimama ili alie. "Maskini Maimuna," au "mtoto wa watu." Hizi si sifa za mhusika, ni sauti ya msimulizi aliyeshindwa kujizuia. "Mtoto wa watu" napenda kuliko zote, kwa sababu humtoa mhusika hadithini kwa dakika moja na kumrudisha kwao, kwa mama aliyemzaa, ambaye huenda hata hayumo kitabuni. Waandishi wa sasa wanaiogopa. Wanaambiwa msimulizi asiingilie. Sawa, lakini msimulizi wa zamani alikuwa jirani, na jirani gani asiyeingilia?

Halafu kuna vitabu ambavyo msimulizi ndiye mhusika, na penseli yako haina cha kupigia mstari isipokuwa "mimi" na "ni-." Wasomaji wa Kiswahili walizoeshwa sauti hiyo mapema na tafsiri za shule kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, alizozitoa Frederick Johnson miaka ya mwisho ya 1920, zote mbili zikisimuliwa na mtu aliyekuwepo. Katika vitabu vya namna hii pigia mstari kile ambacho wengine wanamwita. Kichwamaji ya Kezilahabi, 1974, inasimuliwa na Kazimoto. Jina lake, lenye kazi na moto ndani yake, halijiiti lenyewe, linaitwa na watu, na kila anapoitwa unaona pengo kati ya wanavyomjua wao na anavyojijua yeye. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, 1996, Kongowea Mswahili anatoka Tanga kwenda kumtafuta baba hadi Kitale. Kijana anayetafuta baba amebeba jina kama bango la lugha nzima. Na Walibora mwenyewe, tukizungumza majina, alizaliwa Waliaula. "Aula" ni bora, akabadili.

Tamthilia ziweke kando. Kithaka wa Mberia, jirani yetu wa Tharaka, ana Natala na ana Mwelusi wa Kifo Kisimani, lakini hakuna msimulizi pale wa kuwaita chochote. Wanaitana wenyewe.

Ukishasoma vitabu viwili au vitatu hivi, geuka uandike. Hili ndilo zoezi tunalolipenda sana, na kulianza hakuhitaji zaidi ya nusu ukurasa. Chukua sentensi moja ya kwenu, kisha badili jina tu:

Mtu mmoja alishuka kwenye Probox, akaweka gunia chini, akapuliza viganja.

Alishuka kwenye Probox, akaweka gunia chini, akapuliza viganja.

Kirimi alishuka kwenye Probox, akaweka gunia chini, akapuliza viganja.

Bwana Kirimi alishuka kwenye Probox, akaweka gunia chini, akapuliza viganja.

Kijana wetu alishuka kwenye Probox, akaweka gunia chini, akapuliza viganja.

Kijamaa kile kilishuka kwenye Probox, kikaweka gunia chini, kikapuliza viganja.

Mtoto wa watu alishuka kwenye Probox, akaweka gunia chini, akapuliza viganja.

Zisome kwa sauti. Gunia ni lile lile na baridi ni ile ile. Lakini kwa Bwana Kirimi unaanza kujiuliza mbona anabeba mwenyewe. Kwa kijamaa unashuku viazi ni vya wizi. Kwa mtoto wa watu unajua kuna habari mbaya inamngoja nyumbani. Chagua moja, endelea nayo kwa kurasa tatu, na usibadili mpaka hadithi ikulazimishe. Kosa kubwa la wanaoanza, na nimelifanya mimi kwanza, ni kubadilisha majina ili kukwepa kurudia: Kirimi, kijana huyo, mkulima huyo, barobaro huyo, mtoto wa Kibirichia huyo, vyote katika aya moja. Walimu wa insha hulisifu jambo hilo kama msamiati. Msomaji huhesabu watu watano mlangoni. Rudia "Kirimi" bila haya, au nyamaza utumie a-.

Kosa la pili ni kutaja jina mapema kwa woga. Hadithi inaweza kukaa na "mtu mmoja" kwa muda mrefu kuliko unavyodhani, alimradi unajua jina litaingia wapi na kwa kinywa cha nani.

Mwezi uliopita kijana wa bodaboda alileta hadithi yake ya kwanza. Pikipiki inaharibika usiku kwenye mteremko wa kuelekea Isiolo, mvua inanyesha, hakuna mtu. Kurasa nne, na mhusika ni "kijana mmoja," kisha "yule kijana," kisha a- tupu. Mshonaji alikuwa na penseli yake mkononi na hakupata pa kuiweka.

"Mwanangu," akamwambia, "huyu hana jina? Litakuja ukurasa gani?"

"Akifika nyumbani, Mama," kijana akajibu. "Mamake atafungua mlango, ndiye atamwita."